VITA YA MSITUNI UGANDA: SAFARI HII "MATAIFA YA NJE" TULIKUWA SISI



Kuna sentensi moja ambayo ukikaa kijiwe chochote hapa Moshi, kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kiborloni, humalizi kikombe cha kahawa bila kuisikia: "Vita zote za Afrika wanaleta Wazungu." Ikitajwa Congo, jibu ni hilo. Ikitajwa Sudan, ni hilo hilo. Mtu akishasema hivyo anajiona kamaliza uchambuzi, anageukia mambo ya mpira.

Mimi sikatai kwamba wakubwa wana mkono wao. Wanao, tena mrefu. Lakini kuna vita moja ya wenyewe kwa wenyewe, hapa hapa jirani, ambayo taifa la nje lililokuwa na mkono mkubwa kuliko yote halikuwa Marekani wala Uingereza. Lilikuwa Tanzania. Na makubaliano yaliyozaa serikali ambayo baadaye ilisambaratika mpaka watu wakaingia msituni, yalifikiwa mji huu huu tunaoishi, kwa siku tatu tu, mwezi Machi 1979.

Nazungumzia vita ya msituni ya Uganda, 1981 hadi 1986. Shuleni tulifundishwa Vita ya Kagera: nduli kaingia, nduli kapigwa, nduli kakimbia. Kitabu kinafungwa hapo. Kilichofuata Kampala baada ya vijana wetu kuingia, wengi wetu tuliomaliza sekondari hatukukisikia darasani. Leo tufungue ukurasa unaofuata, maana ndani yake kuna somo ambalo linatuhusu sana kipindi hiki ambacho Tanzania inaitwa kila siku kwenda kupatanisha watu.

TUANZE NA AMIN

Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wakati mwenyewe yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Uingereza iliitambua serikali mpya haraka haraka. Maafisa wa kijeshi wa Israel waliokuwa Kampala walikuwa maswahiba wa Amin. Hapa wana kijiwe wana hoja: wakubwa walifurahi Obote kutoka. Lakini mwaka uliofuata Amin akawageuka. 1972 akawafukuza Waisraeli, akawafukuza na Waasia, akahamia kwa Gaddafi wa Libya na kwenye silaha za Kisovieti. Yaani waliomshangilia ndio waliokuja kumkimbia.

Obote akakimbilia kwa Mwalimu Nyerere, na Mwalimu akagoma kabisa kumtambua Amin. Septemba 1972, wapiganaji wa Obote pamoja na kundi la kijana mmoja anaitwa Yoweri Museveni walivuka mpaka kutokea Tanzania wakashambulia. Walipigwa vibaya. Na sehemu ya mpango huo ilifia hapa kwetu. Ilitakiwa makomando waruke na ndege kutoka uwanja wa KIA mpaka Entebbe. Ndege ya East African Airways ikachukuliwa Dar, ikaletwa KIA, katika kutua matairi yakapasuka. Mchezo ukaishia hapo. Oktoba 1972 Tanzania na Uganda zikasaini makubaliano Mogadishu kwamba kila mmoja asimruhusu mtu kumshambulia mwenzake kutoka kwenye ardhi yake.

Na huyo kijana Museveni? Aliwahi kufundisha Chuo cha Ushirika hapa Moshi katika miaka hiyo ya sabini, chuo ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Nasema haya ili tusijifanye kwamba Moshi iliingia kwenye siasa za Uganda kwa bahati mbaya mwaka 1979. Tulikuwemo toka zamani.

MKUTANO WA MOSHI

Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba likatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni la Uganda. Hata hapo pana ubishi wa nani alianza. Amin alidai Tanzania ndiyo ilimchokoza kwanza. Wengine wanasema kulikuwa na uasi kambini kwake, akautafutia dawa kwa kuwapeleka askari nje ya mpaka. Vyovyote iwavyo, waliouawa na kuporwa ng'ombe walikuwa Watanzania wa Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatoa ile hotuba ambayo kila mtu anaijua, ya uwezo, sababu na nia.

Amin akatolewa Kagera. Sasa likaja swali gumu: tuishie mpakani, au tuendelee? JWTZ ikaendelea. Masaka ikaanguka mwezi Februari 1979. Machi, pale Lukaya, vijana wetu wakakutana na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumuokoa rafiki yake. Libya ilituma hata ndege kulipua Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaishia kuua swala kwenye kisiwa cha Saanane.

Kwa hiyo katikati ya Machi ilikuwa wazi Amin anaondoka. Swali: anakaa nani? Mwalimu hakuweza kumpeleka mkuu wa mkoa Kampala. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na msimamo wake wa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na baadaye Julai 1979 kule Monrovia, marais kama Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania wazi wazi. Ilibidi kuwe na sura ya Kiganda. Na ilibidi ipatikane haraka, kabla jeshi halijafika Kampala.

Ndipo tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 makundi zaidi ya 20 ya Waganda waliokuwa uhamishoni yakakutana Moshi. Walikuwepo maprofesa, wanasheria, wanasiasa wa zamani na watu wa makundi ya silaha. Mtu mmoja mkubwa hakuwepo: Obote. Mwalimu alimshawishi asije, maana Waganda wengi, hasa wa Buganda, walikuwa hawataki hata kulisikia jina lake tangu 1966 alipotuma jeshi kushambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo.

Wakakubaliana kuunda mwavuli unaitwa UNLF. Mwenyekiti akawa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Makerere. Ukiuliza kwa nini Lule, jibu ni kwamba hakuwa na jeshi, hakuwa na chama chenye nguvu, kwa hiyo hakuna aliyemuogopa. Likaundwa baraza la ushauri chini ya Edward Rugumayo. Ikaundwa na Kamisheni ya Kijeshi: mwenyekiti Paulo Muwanga, mtu wa Obote toka enzi, na makamu wake Museveni.

Sasa someni tena mstari huo wa mwisho taratibu. Obote hakuja Moshi, lakini mtu wake ndiye aliyeshika kiti cha kijeshi. Lule alipewa uenyekiti, lakini hakupewa hata askari mmoja.

MASALE HAYAKUPANDWA

Sisi watu wa mlimani tunajua ugomvi wa kihamba unavyoanza. Mzee anafariki, ukoo unakaa, mbege inanyweka, kila mtu anasema "sisi ni ndugu, hatuwezi kugombana." Wanagawana kwa mdomo. Hakuna anayepanda masale kuonyesha mpaka wa huyu unaishia wapi na wa yule unaanzia wapi. Miaka miwili baadaye watu wako baraza la kata na mapanga yameshatoka. Ukiuliza nani kaanza, kila mmoja atakuonyesha mgomba uliokatwa na mwenzake. Lakini chanzo ni ile siku ya kikao.

Moshi yaliachwa mashimo mawili makubwa.

La kwanza: nani mkubwa, mwenyekiti au baraza? Lule alipofika Kampala alijiona ni Rais kamili kwa katiba ya Uganda ya 1967, anateua waziri anayemtaka. Baraza likasema hapana, kwa makubaliano ya Moshi uteuzi lazima upite kwetu.

La pili, baya zaidi: jeshi. Kwenye karatasi kulikuwa na jeshi moja, UNLA. Kwenye uhalisia kulikuwa na Kikosi Maalum (jina la Kiswahili kabisa, lilizaliwa Tanzania) cha watu wa Obote chini ya Tito Okello na David Oyite Ojok, na kulikuwa na FRONASA ya Museveni. Wakati wa vita kila mmoja aliandikisha vijana wapya njiani, wa kwake mwenyewe, Kikosi Maalum wengi wakitoka kwa Waacholi na Walangi wa kaskazini, FRONASA wengi wakitoka magharibi. Askari alikuwa anajua bosi wake ni nani, na bosi huyo hakuwa Lule.

Na juu yao wote kulikuwa na jeshi la tatu, ambalo ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote. La kwetu.

MARAIS WATATU NDANI YA MIAKA MIWILI

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Lule akaapishwa tarehe 13. Tarehe 20 Juni baraza likamuondoa, kisa mawaziri aliowateua bila kuwauliza. Siku 68 tu. Watu wa Kampala wakaandamana wakimtaka Lule wao. Yeye akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko wiki kadhaa kabla ya kwenda Uingereza. Hebu jiweke kwenye viatu vya mkazi wa Kampala: rais wako katolewa, na sasa yuko mikononi mwa nchi jirani ambayo askari wake ndio wanalinda mtaa wako. Utasemaje?

Akaja Godfrey Binaisa. Novemba 1979 akamtoa Museveni Wizara ya Ulinzi. Mei 1980 akajaribu kumtoa Oyite Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi, na hapo akagusa waya wa umeme. Kamisheni ya Kijeshi ya Muwanga ikamtoa yeye. Na kumbukeni, makamu mwenyekiti wa Kamisheni hiyo alikuwa Museveni. Maelfu ya askari wa Tanzania walikuwepo Uganda na hawakuzuia. Siku chache baadaye, tarehe 27 Mei 1980, Obote akarudi nchini, akahutubia Bushenyi.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 10 na 11 Desemba 1980. Wagombea kadhaa wa UPC, chama cha Obote, walishatangazwa kupita bila kupingwa kabla hata ya siku ya kura. Watu wa DP, chama kilichokuwa na nguvu Buganda, walipoanza kuamini wameshinda, Muwanga akatangaza kwamba hakuna mtu kutoa matokeo bila ruhusa yake, na atakayekiuka ni faini na jela. Baada ya hapo UPC ikatangazwa mshindi. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walikuwepo, na kwa ujumla waliupitisha uchaguzi huo pamoja na kasoro walizoziona. UPM ya Museveni ilipata kiti kimoja nchi nzima. Museveni mwenyewe jimboni kwake alishindwa na Sam Kutesa wa DP.

Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na kikundi kidogo cha wapiganaji, wenye bunduki 27 tu, wakashambulia kambi ya Kabamba. Vita ikaanza.

NANI KAANZISHA? MAJIBU YAKO MANNE

Hapa ndipo ubishi wa miaka zaidi ya arobaini ulipo.

Jibu la kwanza, la NRM: kura ziliibiwa, mlango wa amani ukafungwa, ikabidi bunduki. Jibu hili lina ukweli wake. Lile tangazo la Muwanga lilikuwepo, halikutungwa na mtu. Lakini kura zilizodaiwa kuibiwa zilikuwa za DP, na viongozi wa DP waliingia bungeni wakakaa upinzani. Aliyeingia msituni ni mwenye kiti kimoja.

Jibu la pili, la watu wa Obote: Museveni alikuwa na uchu wa madaraka, alishapanga vita kabla ya kura, na angeingia msituni hata kama uchaguzi ungekuwa safi. Nalo lina ukweli. Kwenye kampeni alisema wazi kwamba kura zikichakachuliwa atapigana, na jeshi la kuanzia alikuwa nalo toka FRONASA. Lakini mtu mwenye bunduki 27 hawezi kupigana miaka mitano kama wakulima wa Luwero hawampi chakula. Walimpa kwa nini? Kwa sababu walikuwa na kinyongo na Obote tangu Mengo 1966, na kwa sababu ya yale ambayo UNLA iliwafanyia vijijini.

Jibu la tatu ni la mbali zaidi: Mwingereza. Alichukua askari kaskazini, akaweka mashamba na shule kusini, akaondoka 1962 akiacha bunduki kwa hawa na vitabu kwa wale. Kweli tupu. Ila mzigo huo ulikuwepo tangu 1962, na hauelezi kwa nini vita hii ilianza 1981 na si mwaka mwingine.

Jibu la nne ndilo ambalo sisi hatulipendi: Tanzania ilimrudisha Obote. Waganda wengi wanaamini Mwalimu alikuwa na mgombea wake toka mwanzo, na Lule na Binaisa walikuwa wa kupashia kiti joto. Wanaomtetea Mwalimu wanasema aliwaachia Waganda waamue wenyewe, hakuchagua rais hata mmoja, na angemtaka Obote tu asingemzuia kuja Moshi.

Mimi nikiyapima yote manne naona hivi. Si lazima Mwalimu awe alipanga njama. Tanzania ilishika nguvu zote za kijeshi Uganda kwa miaka miwili, halafu ikawa inasema "hayo ni mambo ya ndani ya Waganda" kila mara mwenye bunduki alipomtoa asiye na bunduki. Lule katoka, tumekaa kimya. Binaisa katoka, tumekaa kimya. Muwanga kashika matokeo, tumekaa kimya. Ukiwa na jeshi mtaani, kimya chako nacho ni kura. Na kila kimya kilimnufaisha mtu yule yule.

Kwa hiyo kwangu mimi uchaguzi wa 1980 ulikuwa cheche. Petroli ilishamwagwa Machi 1979, pale ambapo watu waliondoka Moshi wakipeana mikono bila kuamua jeshi ni la nani.

NA WAGENI WENGINE JE?

Vita ilipoanza, wageni walikuja kama inzi kwenye ndizi mbivu. Angalieni orodha hii muone kama kuna mtu alikuwa na msimamo:

- Korea Kaskazini: ilileta wataalamu wa kijeshi kumsaidia Obote.
- Uingereza: ilishiriki kwenye timu ya Jumuiya ya Madola kufundisha jeshi hilo hilo la Obote. Mkomunisti na bepari wanafundisha kambi moja!
- Libya: Gaddafi, ambaye 1979 alitupiga pale Lukaya kumtetea Amin, sasa akawapa silaha waasi, akiwemo Museveni aliyepigana kumtoa huyo huyo Amin.
- Kenya: Nairobi ndipo Juni 1981 kundi la Museveni na kundi la Lule yalipoungana kuwa NRM, jeshi lake likiitwa NRA. Mwenyekiti wa NRM akawa Lule, yule yule wa Moshi, hadi alipofariki 1985.
- Tanzania: jeshi letu liliondoka katikati ya 1981, vita ikiwa na miezi michache tu.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanzisha vita peke yake. Lakini kila mmoja alikuta pengo akaingiza mkono wake. Mgeni hawezi kuingia kwenye nyumba yenye mlango mzima, na mlango ule ulitengenezewa Moshi bila komeo.

BEI YAKE

Waliolipa ni wakulima wa eneo linaloitwa Pembetatu ya Luwero, kaskazini ya Kampala. Mwaka 1984 afisa wa serikali ya Marekani, Elliott Abrams, alitaja kati ya watu 100,000 na 200,000 waliouawa. Serikali ya Obote ikakanusha. Makadirio mengine yanakwenda juu zaidi. Nani aliua wangapi, mpaka leo pande mbili zinanyoosheana vidole. Mafuvu yaliyopangwa barabarani Luwero baada ya vita, hayo hakuna wa kuyakanusha.

Julai 1985 majenerali wa Obote, akina Tito Okello, wakampindua. Rais Moi akawapatanisha na Museveni Nairobi, mkataba ukasainiwa tarehe 17 Desemba 1985. Haukumaliza hata wiki sita. Tarehe 26 Januari 1986 NRA ikachukua Kampala, Museveni akaapishwa tarehe 29, na miaka zaidi ya 35 ikapita akiwa kwenye kiti hicho.

Moto haukuishia Uganda. Kati ya wale wa Kabamba walikuwemo vijana wakimbizi wa Kinyarwanda, Fred Rwigyema na Paul Kagame. 1982 watu wa Obote waliwafukuza Wanyarwanda wengi magharibi ya Uganda, na vijana wao wakazidi kujaa msituni. Tarehe 1 Oktoba 1990 wakatoka jeshi la Uganda wakaingia Rwanda. Mnajua kilichotokea 1994, na mnajua Congo kuanzia 1996. Sisemi mkutano wa Moshi ndio ulisababisha yote hayo, itakuwa uongo, maana Rwanda ina historia yake na waliopanga mauaji ya kimbari wana majina yao. Nasema tu kwamba jeshi lililozaliwa kwa sababu hatukumaliza kazi Kampala ndilo lililowafundisha vita watu walioibadilisha ramani ya Maziwa Makuu.

Na sisi? Vita ya Kagera inakadiriwa kututoa dola milioni 500. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Waulizeni wazazi wenu kama mikanda ililegezwa baada ya miezi 18, watawasimulia foleni za sabuni na sukari miaka ya themanini. Mashujaa wetu wamelala Kaboya kule Muleba. Kumtoa Amin ilikuwa haki, hilo nalisimamia, na Waganda wengi wanatushukuru mpaka leo. Ila haki ya kuanza kazi haikupi ruhusa ya kuilipua.

KWA NINI NALETA HII LEO

Kwa sababu tunaitwa tena. 2013 JWTZ ilikuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichowapiga M23 Congo. Desemba mwaka huo yakasainiwa makubaliano Nairobi. Wapiganaji wakakaa makambini Uganda na Rwanda, hatima yao haikumalizwa, na mwisho wa 2021 M23 wakarudi. Desemba 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, shambulio ambalo Umoja wa Mataifa ulisema ni la ADF, kundi lililoanzishwa na Waganda. Januari 2025 M23 wakachukua Goma, Februari Bukavu, na tarehe 8 Februari 2025 viongozi wa nchi za Afrika Mashariki na SADC wakakutana Dar es Salaam. Juni 2025 Congo na Rwanda zikasaini Washington, Julai Congo na M23 wakasaini Doha.

Wengi tukisikia "wamesaini" tunafurahi, na wengine tunasema "hizo ni njama za Wazungu" tunaendelea na mambo yetu. Wadau, historia ya mji wetu imetupa maswali matatu bora kuliko hayo. Kila ukisikia mkataba wa amani, uliza:

1. Baada ya kusaini, funguo za ghala la silaha anashika nani? Jina lake, sio jina la kamati.
2. Wakigombana tena, nani mwenye neno la mwisho, na limeandikwa wapi?
3. Yule mpatanishi mwenye jeshi, siku mwenye bunduki akimtoa asiye na bunduki, atafanya nini? Atasema au atanyamaza?

Moshi 1979 ingejibu maswali hayo kabla ya watu kupanda magari, huenda Luwero pangebaki mahali pa kulima kahawa na migomba, kama Kibosho na Marangu. Na swali la tatu linatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja, maana mara nyingi mpatanishi mwenye jeshi ni sisi. Kijana wa Pasua au wa Rombo anayevaa magwanda kwenda Congo ana haki ya kujua serikali yake imejibu nini.

Tuendelee kuwabana wakubwa wa dunia, wana mengi ya kujibu. Lakini mwenye haki ya kumuuliza Mmarekani kafanya nini Congo ni yule anayeweza kuulizwa na Mganda "nyie mlifanya nini Kampala?" na asikimbie swali.

Mwenye babu au baba aliyekuwa Kampala 1979 na 1980, au mama aliyeishi hapa mjini siku zile tatu za mkutano, amuulize kabla hajatutoka, halafu atuletee hapa chini alivyosikia. Waganda mnaosoma, nanyi karibuni, hata kama mtatusema.

Naomba kuwasilisha.